Vazi la Mpira Kabla ya Kayaki

Nivi,

Supu ya sili iko jikoni. Ipashe moto uinywe yote. Nesi amesema leo usitoke. Shangazi Bibiane atapita saa sita kukutazama.

Nimekwenda kwa mjomba wako Aqqaluk kuazima lile vazi la mpira linalobana shingoni na mikononi maji yasiingie. Asubuhi nilipolitaja ukaniambia, "Baba, na jua lote hili nitaiva humo kama kiazi," nilicheka, nikakuacha uingie kwenye kayaki na sweta la pamba. Kama vile jua liliwahi kuyapasha moto maji haya yenye barafu. Ulipopinduka nikakupigia kelele ushike kasia, nawe ukavitazama vidole vyako kama vya mtu mwingine. Nilipokuvuta kwenye boti yangu hukuweza kutamka hata jina lako.

~~Hiyo kayaki naichoma.~~ Kayaki ni yako. Ila huingii tena bila vazi hilo, hata maji yakiwa yametulia tuli.

Mama yako akipiga simu, ~~mwambie una mafua~~ mwambie yote. Mwambie na aliyecheka ni nani.

Baba