Kadi za Nekesa na Maji ya Kiamunyi

Jumatatu, 3 Machi
Sufuria yangu ya chai imechukuliwa tena. Nekesa, mjukuu wangu, anachemshia waya. Kwanza anautia kwenye barafu, anazungusha skrubu ndogo mpaka mashine iandike sifuri. Halafu kwenye maji yanayotokota, anazungusha nyingine mpaka iandike mia. Kadi yenyewe ni kibao cha kijani. Kinachukua mnong'ono wa ule waya wa kupimia joto, kinaukuza, ndipo mashine isikie. Ziko nane, za kiwanda cha maziwa. Kazi yake ya kwanza peke yake. Akiiweza, wanamwandika.
Nimekunywa uji.

Jumanne, 4 Machi
Amepeleka kadi. Nilimpigia blauzi pasi. Anaringa. Mimi naringa kumshinda.

Jumatano, 5 Machi
Amerudi na kadi zote kwa begi. Kwenye barafu ziko sawa. Kwenye moto zinadanganya. Maziwa yako sabini na mbili, zenyewe zinasema sabini na saba. Fundi mkuu alimwambia mbele ya watu, "Madam, unataka tuuzie watu maziwa mabichi?" Zisiporudi sawa Ijumaa, wanaita mtu wa Nairobi.
Hajala. Nimemwambia huyo fundi ana kichwa cha kabeji. Hakucheka. Inaniuma sana.

Alhamisi, 6 Machi
Tangu asubuhi anapangusa kadi, anabadilisha waya, anachemsha tena. Mia. Mia. Mia. "Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "hizi kadi zina mashetani!"
Mimi nachambua maharagwe. Nikamwambia aniachie jiko, maharagwe ya huku ni masaa matatu, sio kama Changamwe. Akauliza Changamwe kuna nini. Nikamwambia. Babu yake akiwa reli kule pwani, nilikuwa naweka maharagwe, nafua nguo, nikimaliza yameiva. Tukahamishiwa Nakuru, huku Kiamunyi. Maharagwe yale yale, sufuria ile ile, yakatokota mpaka mchana na bado yanagonga meno. Mama mkwe akasema sijui kupika. Nililia. Jirani ndiye aliniambia maji ya huku juu yanaruka haraka lakini hayana moto.
Nekesa akaniangalia kama nimemtukana. Kisha akapiga nduru, kuku wakatoka mbio.
"Sio mia! Kukhu, huku maji yanachemka kwa tisini na nne!"
Mia ni ya maji ya pwani; kadi alizifundisha kuita tisini na nne mia. Alisoma hayo shule, akayasahau mbele ya sufuria. Mimi shule sikuiona, herufi nimezijulia ngumbaru nikiwa na mvi. Akaniinua juu juu. Mgongo wangu, mtoto mjinga huyu! Nimecheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.
Amefungua skrubu zote nane. Ameanza upya kwa tisini na nne.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesimama langoni tangu saa nne. Miguu imevimba. Sijali.
Amepiga simu. Kadi zote nane zimekubaliana na kipimajoto cha kiwanda. Wamemwandika! Kabeji akamuuliza nani alimwonyesha. Akajibu, "Nyanya yangu. Alisomea maharagwe."
Nimepiga vigelegele peke yangu. Jirani amekuja kuuliza harusi ni ya nani.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa. Mvua kidogo.
Sufuria imerudi, imesuguliwa hadi inang'aa. Nekesa amelala kwa kiti, mdomo wazi. Maharagwe yako jikoni, bado magumu.
Nimeketi kuyangoja.