Kitufe Kisicholia

Mjukuu wangu Zaina,

Huku Gisenyi tuko wazima. Baba yako anazidi kunenepa, na mi meno yamenitoroka, ila ulimi umebaki.

Unauliza kama uache onyesho lako la piano huko Ubelgiji, maana bibi yako aliyependa kukusikiliza ametutoka.

Bon, haya sikiliza. Ujanani nilipanga viti kwenye hoteli ya hapa ziwani. Akaja mama wa Kizungu mzaliwa wa Bukavu, aliyezunguka dunia akipiga piano. Piano yetu ilikuwa imeingia unyevu, kitufe kimoja hakikulia kabisa. Lakini kila akikifikia alikibonyeza taratibu, kama vingine.

Alipomaliza nikamchokoza: "Mama, hicho kimekufa. Unakisalimia cha nini?"

Akacheka. "We kijana, nikikiruka, vidole vingine vitapotea njia."

Nilidhani amechanganyikiwa. Siku hizi kila asubuhi namimina chai ya bibi yako, halafu nainywa mwenyewe, na sukari yake yote.

Kapige, mama. Waambie kiti kimoja cha mbele kibaki wazi, na cha pembeni yake pia. Bibi yako hakupenda kubanwa.

Babu yako