Bafta Nyeupe ya Studio

Jumanne, 8 Julai

Leo tena nimejipiga picha mwenyewe. Kamera juu ya ndoo, mimi kwenye kigoda. Nabonyeza, nakimbia, nakaa. Uso umetoka unang'aa kama sufuria ya mafuta, macho mashimo. Balbu ikiwa juu ya kichwa ndivyo inavyofanya. Nikaishusha pembeni, usawa wa sikio. Afadhali, ila shavu la pili limezama gizani.

Nimechoka kuutazama uso huu. Tangu nipewe talaka nikahamia hapa Kilole kufungua studio, ndio uso pekee unaoonekana chumbani humu. Nataka mtu mwingine akae pale. Mtu yeyote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata dawa! Bafta nyeupe, nimeitandaza mbele ya balbu, mbali kidogo isije ikaungua. Jamani, mwanga umekuwa laini. Kivuli cha pua kimepotea. Iliyobaki nimeitundika ukutani kuficha madoa ya unyevu. Nikajipiga, nikajiona mzuri. Nikapiga kigelegele peke yangu, kisha nikaona aibu.

Kaka kapiga simu kutoka Handeni. Mwanamke hakai peke yake ugenini, anasema. Mwisho wa mwezi anakuja na gari anichukue na vyombo vyangu. Nikamwambia asubiri, wateja wanamiminika. Mwongo mkubwa mimi. Sitaki kurudi kulala sebuleni kwa mke wake.

Jumatano, 16 Julai

Bi Hadija, jirani yangu, amekubali kuja. Nilimwomba bombani nimpige picha bure, nijifunzie kwake. Kaja na khanga mpya na wanja. Shikamoo, marahaba. Kakaa vizuri kabisa. Nikawasha taa. Kaangalia kitambaa cha mbele. Kageuka, kaona cha nyuma. Kasimama.

"Mwanangu, hii si sanda? Unanikalisha kwenye sanda ningali hai?"

Nikamweleza habari za mwanga. Alishafika mlangoni.

Mzigua mzima mimi, nimeona maiti wangapi wakivishwa bafta, na haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nawaza kivuli cha pua tu. Mjinga wa mwisho.

Ijumaa, 18 Julai

Mtaa mzima unajua. Nilipofika bombani wanawake wakasogeza ndoo zao mbali nami. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimelia. Nimeanza kufunga vyombo.

Jumapili, 20 Julai

Hodi asubuhi na mapema. Saumu, anayeuza maandazi njia panda. Wanaishi wawili tu, yeye na mama yake. Mama amefariki alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri, na maduka ya nguo leo yamefungwa. Kasema ameinamisha macho: "Dada, nimesikia una bafta."

Nikaitungua yote, ya taa na ya ukutani. Kauliza bei. Nikamwambia aache hayo. Nikambebea mwenyewe hadi kwao.

Sikujua kama nikae au niondoke. Bi Hadija alikuwa jamvini na wanawake wenzake. Kasogea, nikakaa. Baadaye nikapewa ungo wa mchele nichambue. Nimechambua mpaka mgongo ukauma. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha msibani.

Jumapili, 27 Julai

Matanga yamekwisha, watu wametawanyika. Alasiri Saumu kaja. Nikadhani anataka picha, nikaanza kusogeza taa.

"Acha, dada. Sikuja kupigwa picha. Kule ndani kimya mno."

Nikachemsha chai. Kanisimulia mama yake alivyokuwa akimfokea kwa maandazi mabichi. Kacheka, halafu kalia. Nami nikamsimulia ya talaka yangu, ambayo sijawahi kumwambia mtu. Magharibi ikaingia hatujawasha chochote.

Alipokuwa anavaa ndala kaniuliza: "Kesho upo?"

Nikamjibu nipo.

Kisha nikampigia kaka. Nimemwambia asije.