Jiko la Watu Wawili

Alhamisi, 22 Januari

Nimekwenda tena. Mara ya tatu sasa. Saa tisa kasorobo, jua kali, vichochoro vya Kiponda havina mtu ila paka. Nimepanda ngazi za mbao mpaka juu, nimekaa meza ile ile ya dirishani. Bi Hana akaniletea visahani vyake bila kuniuliza: mchicha wa ufuta, figili ya siki, dagaa wadogo watamu, kabichi nyekundu kwa pilipili. Halafu mkaa.

Bi Hana ni Mkorea. Alikaa miaka Jambiani akinunua mwani, na Kiswahili chake kakipata kwa wanawake wa huko. Anaamkia vizuri kuliko watoto wa mjini. Nilimshonea aproni na mapazia ya mkahawa wake, na siku niliyompelekea mzigo akanikalisha nile.

Jiko lake lina sheria. Liko katikati ya meza, mtu anajichomea mwenyewe, lakini nyama haiagizwi ya mtu mmoja. Chini kabisa ni ya watu wawili. Kwao, kasema, kuchoma nyama peke yako ni huzuni. Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Akaweka sahani mbili, gilasi mbili, vijiti jozi mbili. Mimi upande huu. Upande wa pili hapana mtu.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba kwa ajili ya mume wangu Othman. Nilikula sehemu yangu. Sehemu ya pili nikaifungasha, nikarudi nayo nyumbani.

Juu ya meza pananing'inia bomba la shaba linalonyonya moshi. Nautazama unavyopanda mpaka macho yanalegea. Leo nilisinzia na kijiti mkononi. Nilipozinduka sikujua ni saa ngapi wala ni mwaka gani, na sikujali.

Ijumaa, 23 Januari

Sijapata kuliandika hili. Naliandika.

Othman alikuwa na maradhi ya moyo. Daktari alimkataza mafuta, chumvi na nyama nyekundu. Mwezi wa nane, siku ya Ijumaa, alinibembeleza nimchomee mishkaki. Mara moja tu, Zainabu. Nikamchomea. Jumapili alfajiri hakuamka.

Siku ya tatu ya msiba, wifi yangu Sharifa, dada yake mkubwa, alisimama ukumbini mbele ya wanawake wote. "Daktari kamkataza, weye ukampa. Mie radhi yangu hunayo." Akavaa viatu, akatoka.

Ni kweli. Nilimpa.

Shaaban imeingia. Ramadhani haifiki mwezi. Watu wanatakana radhi kabla ya kufunga, ndivyo tulivyolelewa. Mama akisema, aliyenuniana na nduguye saumu yake hubaki mlangoni. Sina mtoto. Wifi ndiye mtu pekee duniani aliyebaki anayejua Othman alikuwa nani. Naitaka radhi yake. Naona haya kuandika jinsi ninavyoitaka.

Jumapili, 25 Januari

Nimemwota. Kakaa upande wa pili wa meza ya Bi Hana, kanzu imepigwa pasi, anashika vijiti utadhani kazaliwa navyo. Alinionyesha kwa kidole kipande kilichokuwa kinaungua. Nimeamka nikisikia harufu ya mkaa, na jikoni kwangu nilikuwa sijawasha kitu.

Alhamisi, 29 Januari

Kwa Bi Hana. Mvua ndogo, ya dakika kumi, kisha bati zote za mji zikafuka mvuke. Nyama leo ya ubavu, nyembamba, ikigusa wavu tu inajikunja.

Namuuliza Bi Hana ile kabichi nyekundu wanaifanyaje. Chumvi, pilipili, tangawizi, kitunguu thomu, inafungiwa mpaka ichachuke. Kimchi. Mimi naona ni achari tu iliyosafiri mbali. Akanijazia mtungi niende nao.

Njiani nikapata fikra. Wifi hali wali bila achari. Na bakuli lake la maua liko kabatini kwangu tangu msiba. Aliniletea uji siku ya kwanza, kabla ya maneno yale. Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Miezi mitano nimeshindwa kulirudisha kwa sababu sikujua nitie nini ndani yake. Kila nilichowaza kupika kilikuwa na mkono wangu, na mkono wangu ndio aliousema.

Basi hiki sikukipika mimi.

Jumamosi, 31 Januari

Nimepeleka bakuli Mikunguni, kimchi ndani yake. Wifi hakuwapo. Mlango umefungwa, jirani anasema yuko kwenye harusi Kiwengwa, huenda akarudi jioni. Nimelifunika kwa sahani, nikalifunga kwa kitambaa, nikaliacha barazani. Nimetembea kurudi nikiwa mwepesi. Nilijikuta natabasamu barabarani, mjane mzima.

Jumanne, 3 Februari

Hakurudi jioni ile. Karudi jana.

Siku mbili kwenye joto la barazani. Kimchi, kumbe, inaendelea kuchachuka. Imefura, imetoa povu, imesukuma sahani, imemwagika mpaka kwenye jamvi. Harufu imefika kwa jirani.

Ujumbe wake wa sauti ni sekunde kumi na moja. Nimeusikiliza mara nyingi. "Zainabu. Miezi yote hii, ndio umekaa ukafikiri, ukaona unitilie kabichi iliyooza katika bakuli langu. Haya. Nshafahamu."

Nimemjibu kwa sauti. Nimesema haijaoza, wifi, ni achari ya Kikorea, nimepewa na mwenye mkahawa wa Kiponda, mimi hula huko Alhamisi. Nilikuwa nahema. Nilisikika mwongo.

Hajajibu.

Alhamisi, 5 Februari

Sikutaka kwenda. Nimekwenda.

Bi Hana nilipomweleza alifunika mdomo kwa mikono miwili, akainama kuomba msamaha mara tatu. Nikamwambia kosa ni langu. Mpishi yeyote wa Unguja anajua achari huwekwa juani ikomae. Kwa nini sikufikiri kwamba hii ina roho yake?

Yule jirani wa wifi, kumbe muuza samaki, alikuja kuleta ngisi jikoni. Alipita kando ya meza yangu. Macho yake yalishuka kwenye sahani ya pili, kwenye gilasi iliyojaa, kisha yakanipanda mimi. "Peke yako, Bi Zainabu?" Nikasema naam. Akacheka kidogo.

Jumamosi, 7 Februari

Ujumbe wa pili wa wifi. "Mwezi tu tangu utoke eda, na nshasikia wakaa mkahawani na mtu. Sahani mbili, gilasi mbili, kila Alhamisi. Ndugu yangu hata kaburi halijakauka."

Eda nimeikaa yote. Sikutia hina, sikujifukiza udi, sikutoka hata dirishani. Hakuna wa kunidai chochote. Lakini nimeshika simu kama niliyefumwa.

Nimeandika: hapana mtu. Nimefuta. Nani ataamini? Mwanamke anaagiza nyama ya watu wawili na hapana mtu!

Jumatatu, 9 Februari

Nimeshona mito siku nzima. Vitambaa vyekundu, uzi mwekundu. Alasiri nililala juu ya cherehani. Nikamwona Othman anapanda ngazi, anapanda, anapanda, wala ngazi haziishi. Niliona mgongo wake tu.

Siku tisa au kumi kabla ya mfungo. Najua radhi haitapatikana tena. Nimelisema kwa sauti chumbani ili nilizoee.

Alhamisi, 12 Februari

Amekuja.

Mkaa ndio kwanza umewekwa. Nilisikia ngazi zinalia kwa hatua za mtu mzito mwenye magoti mabovu, nikajua kabla sijageuka. Baibui, jasho usoni, kikapu mkononi na bakuli la maua ndani yake. Nikasimama. Shikamoo. Hakuitikia. Akaitazama sahani ya pili, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Namngoja. Leo nimwone sura."

Tukakaa. Bi Hana, hana habari, akafurahi kuona nimepata mwenzangu. Akamwamkia wifi kwa adabu zote za Jambiani, na shikamoo ile wifi akaiitikia, mazoea hayaombi ruhusa. Halafu Bi Hana akatoa mkasi, akaanza kukata nyama juu ya jiko.

"Mkasi?" Wifi kashtuka. "Mkasi wa kushonea?"

"Wa nyama tu, wifi."

Ukitoa shikamoo, maneno yangu ya kwanza usoni kwake tangu mwezi wa nane.

Robo saa. Nusu saa. Hapana mwanamme. Wifi anatazama ngazi, anatazama sahani. Feni inazunguka. Moshi unapanda kwenye shaba, taratibu, na nilihisi tumekaa hivyo tangu zamani sana, sisi wawili, katika nyumba isiyokuwa na saa. Kipande kikashika moto mbele yangu.

"Geuza! Unaunguza!"

Akaninyang'anya koleo. Akageuza kimoja kimoja. Chenye mafuta akakisogeza pembezoni, akakiacha kibabuke kingo. Othman alikipenda hivyo hivyo. Mkono wake ukasimama hewani.

"Hapana mtu, eti?"

"Hapana. Jiko hili halichomewi mmoja. Ile sahani mwenye mkahawa huiweka tu."

Akaweka koleo pembeni. Kisha akasema, akiutazama mkaa: "Kila Jumatatu akija kwangu. Nkimkaangia maini kwa samli. Akinambia nyumbani wamlisha maboga ya kuchemsha, atakufa kwa maboga. Nkamwonea huruma."

Sikufahamu mara moja. Kisha nikafahamu. Mimi aliniambia maboga ni ya dada yake. Kila Jumatatu akirudi hana hamu ya kula, kachoshwa na maboga ya Sharifa, na Ijumaa kanibembeleza. Mara moja tu, Zainabu.

Hapa nimeandika kwamba nilimpa Ijumaa ile. Nimedanganya hata kitabu changu mwenyewe. Nilimpa kila Ijumaa. Karibu mwaka mzima. Nikamwambia wifi hivyo hivyo, kwa sauti, nikimtazama.

Alinitazama na yeye. "Ntu nwongo yule!" Lahaja ya bibi yao wa Tumbatu ilimtoka bila kutaka. Tukacheka. Kicheko kibaya, cha kukosa pumzi, kikageuka tukiwa katikati yake, tukalia mbele ya watalii wanne. Bi Hana akakimbilia bomba, akadhani moshi umetuingia machoni.

Tulikula. Vijiti hakuvigusa. Alifunga nyama katika jani la saladi, akaitia kinywani nzima. Akaonja kimchi ya siku ile. Akatafuna sana.

"Achari hii. Pilipili haijakolea."

Nilimsindikiza mpaka penye ngazi, bakuli lake bado kikapuni. Akaegemea ukuta, akashuka. Neno la radhi hakulisema. Mimi sikuliomba. Mjinga mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Namkasirikia Othman. Mara ya kwanza tangu afe. Nimezunguka nyumba nikimsema mpaka koo limekauka. Kisha nimepanga mashati yake upya, yale ambayo sijaweza kuyatoa.

Jumatatu, 16 Februari

Vunja jungu. Mtaa mzima umehamia ufukweni na masufuria ya pilau, kula kwa mwisho kabla ya mfungo. Wamenialika, nimekataa. Kwa wifi kimya.

Nimewaza jambo alasiri hii, nimelala chini sakafuni kwenye ubaridi. Nimekaa nikingoja radhi ya Sharifa. Yeye naye maini yale ya kila Jumatatu anayapeleka wapi? Alinitupia lawama mbele ya watu, na nusu yake kabaki nayo tumboni. Nani ampe radhi yeye?

Nimechukua simu. "Wifi, ni Zainabu. Mie nshakusamehe, kwa maini na kwa maneno ya siku ile. Mbele ya Mungu sina kinyongo. Nawe ukiweza, nisamehe. Usipoweza, yangu unayo." Nimetuma kabla sijaogopa.

Jumatano, 18 Februari

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga kelele mtaa mzima. Kesho tunafunga.

Ujumbe wangu umesikilizwa tangu juzi. Hakuna jibu. Sijutii. Nina huzuni, lakini sijutii.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani mosi. Nimelala mchana, nikaamshwa na hodi. Saa kumi na moja jioni. Wifi mlangoni na sufuria ya uji na kikapu cha muhogo. Shikamoo. Marahaba. Akapita moja kwa moja jikoni, akaomba kisu, akakaa kwenye kigoda changu, akamenya muhogo. Mimi nikakuna nazi. Mwanga ulikuwa wa manjano, ukitembea polepole ukutani mpaka ukafika kwenye dari.

Tukatandika mkeka, tukaketi, tende mbele yetu. Dakika chache kabla ya adhana aliinua mikono. Mimi nikainua yangu. Wifi huomba dua kimya siku zote. Leo aliomba kwa sauti.

"Ya Rabbi, msamehe Zainabu. Nsamehe na mie. Kisha mrehemu huyo nduguyangu."

Nikaitikia amina. Adhana ikaanza, tukafungua kwa tende, halafu uji, bado una moto.