Karatasi Iliyobaki Ndani ya Sanduku ya Waya

Mama Saida, muke wangu,

Nakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, hakuna muntu amenisaidia. Unajua miye nilifika mwaka wa tatu wa masomo tu, lakini herufi zangu ni kubwa na zimesimama, wengi wenye diplome hawana kama hizi. Leo ni ijumaa asubui. Saida wetu atavuka mto toka Kindu sala ya muchana ikiisha, atakuja hapa Alunguli na vyombo vyake vya plastiki vya kuuza, na kabla hajafika inabidi niwe nimemaliza. Kwa hiyo usinikatize. Kuna neno moja sijalisema toka vita.

Neno lenyewe liko ndani ya ile sanduku ya chuma, chini ya kitanda. Uliiacha na waya chache, leo hauwezi kuitambua. Iko na sharjeri za telefone, zile za zamani zenye mudomo mwembamba wa duara na hizi za sasa zenye mudomo wa bapa. Iko na waya za televizio, ralonji za kurefusha umeme, waya za pano ya kuvuta umeme wa jua. Mutaa muzima unanijua. Sharjeri ya muntu ikikatika wanamuambia, nenda kwa Baba Saida. Kila waya naikunja taratibu juu ya vidole vine. Wengine wanazungushia ku kiwiko kama kamba ya mbuzi, halafu wanashangaa waya imekufa ndani. Nikimaliza kukunja nafunga na kitambaa cha kitenge. Maua ya njano ni telefone ya Saida. Samaki wa bluu ni redio. Ni vitenge vyako, nilivikata mwenyewe ulipokufa. Dada zako walikasirika, niliwaambia hii ni nyumba yangu. Naweza kufunga macho, nikaingiza mukono, nikatoa waya unayotaka. Nani mwingine ku Kindu anaweza? Hakuna.

Lakini siku ya mungu iliyopita, jumapili, Saida alikuja, akatafuta sharjeri yake, akachimba mpaka jasho likatoka.

"Baba, hapa ndani hakuna muntu anaweza kupata kitu. Ni weye tu unajua."

"Inatosha miye nijue."

"Na siku hauko?"

Nikavuta sanduku karibu yangu. Akaendelea, sauti ile ile yako ya kusukuma polepole.

"Nitaleta karatasi za kubandika. Kila waya tunaiandikia jina. Muntu akija anasoma, anachukua, basi."

"Hakuna karatasi itaingia ndani ya sanduku yangu."

"Weye unayejisifu kuandika, baba? Karatasi itakuuma?"

Nilisimama. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja ku lupango, uwanja wa nyumba, kuangalia kama kuna moto. Nilimuambia atoke kwangu. Mutoto wangu mumoja, Mama Saida, nilimuambia atoke. Akavaa viatu vyake bila haraka, akafika ku mulango, akageuka. "Ijumaa nakuja. Na karatasi." Ubishi huo sijui ameutoa kwa nani.

Weye unajua karatasi inaniuma wapi.

Wakati ule wa vita askari walikuwa wameshika muji. Walitangaza kila mwenye foni aitoe, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, na atakayebaki na foni ao na waya yake ni mupelelezi. Tulitoa foni. Waya yake ya kukamata sauti, ile ndefu ya shaba niliyoipata wakati wangu wa kazi ya reli, sikuitoa. Ulisema, "Baba Saida, toa na waya." Nikasema shaba kama hii haipatikane tena, hawa watapita, waya itabaki. Ulisema tena kesho yake. Siku ya tatu haukusema kitu.

Wakati ule sanduku yangu haikuwa ya vitambaa, ilikuwa ya karatasi. Kila waya na karatasi yake, uzi umepita katikati, na herufi zangu juu: REDIO, TAA, FONI. Nilikuwa naonyesha wageni. Weye haukujua kusoma. Ukifagia chini ya kitanda unaniuliza, "Hii inasema nini?" na miye nacheka, nakusomea polepole kama mwalimu. Sikukufundisha hata herufi moja. Nilipenda vile unauliza.

Asubui ile nilikuwa nimeenda kwa jirani. Kurudi, nakuta waya yangu ya shaba umeitandika toka pembe ya jiko mpaka ku mupera, na umeanika nguo juu yake. Suruali yangu, mashuka, zote zinadondoka maji. Nikaanza kukugombeza, utaozesha shaba yangu. Ukasema bila kuniangalia, "Nyamaza. Wako nyumba ya pili."

Waliingia wane. Nafikiri unakumbuka vile walivyomwaga sanduku hapo inje, juu ya udongo, mupangilio wangu wote. Mukubwa wao alikuwa mwembamba, amevaa sapato za plastiki, na alijua kusoma. Akachuchumaa. Akaokota karatasi moja moja, bila haraka, kama muntu anayechagua mchele. REDIO, waya iko. TAA, waya iko. Akaokota ya tatu. Uzi wake ulikuwa unaning'inia, hakuna kitu.

Ulikuwa umefungua waya, halafu karatasi ukairudisha pahali pake, vizuri, kwa sababu unajua sipendi vitu vyangu vitawanyike. Na haukujua inasema nini.

"Foni," akasoma. "Waya yake iko wapi?"

Maji ya suruali yangu yalimudondokea ku bega. Akasogea kidogo, akapangusa maji. Hakuangalia juu. Miye nilikuwa naangalia mavumbi. Herufi zangu zote zilikuwa zimelala pale chini.

Ukasema, "Niliitupa ndani ya Lualaba siku mulitangaza. Ni miye. Mume wangu hata hajui."

Akanigeukia. "Ni kweli, muzee? Haujui?"

Nilisema, "Sijui."

Ni neno hilo tu nilisema siku ile. Walikupiga na kitako cha bunduki ku mukono wa kuume, mara mbili. Ya pili nilisikia mufupa. Haukuanguka. Mukono wa kushoto uliushika juu, ku waya, ukaning'inia pale, nguo zote zikatikisika, na hakuna hata mumoja wao aliyeona umeshika nini. Walipoenda, ulikaa chini, ukaangalia ile karatasi ndani ya udongo. Ukasema, "Kumbe ilikuwa inasema."

Saida alikuwa kwa mama yako ku Lokandu. Aliporudi, mukono umekwisha kupona na umepinda. Nilimuambia uliteleza ku mawe ya kivuko. Na ile ya waya nilimuambia pia, nilimuambia yeye na Alunguli yote: vile miye, kwa akili yangu, nilivyoanika nguo juu ya waya ya foni na kuwadanganya askari wane. Niliisema ku ndoa, niliisema ku matanga. Weye uko pale unamimina chai na mukono wa kushoto. Mara moja tu ulisema, "Baba Saida, ongeza sukari kidogo ku hiyo hadisi," na watu wakacheka, na miye nikacheka kuliko wote. Toka siku ile haukuweza tena kutwanga sombe, majani ya muhogo, na mikono miwili. Saida alijifunza kutwanga mapema kuliko watoto wa jirani, na nilimusifu, nikasema mutoto wangu ana nguvu.

Sikukuomba radhi. Nilikuwa nangoja uniulize. Haukuuliza.

Sasa Saida anaeleza watoto wake vile babu yao aliwashinda askari. Wananiangalia na macho makubwa. Akijua, labda atavuka mto kurudi Kindu na hatavuka tena. Nimefikiri neno hilo siku tano, na kwa miye kufikiri siku tano ni kazi kubwa kuliko reli. Na nimeona kama nikimuacha abandike majina ku kila waya, atafika chini ya sanduku, ataikuta ile ya shaba, imefungwa na kitenge ulichovaa siku ile. Ataniuliza, baba, hii tuandike nini? Na miye nitasema uongo mara nyingine. Najijua. Uongo ule umezoea mudomo wangu.

Kwa hiyo sikungoja aniulize. Asubui hii nimetoa waya zote, nimezipanga ku mukeka, aandike vile anataka. Ile ya shaba nimeiacha ndani, peke yake, na nimekata karatasi, nikapitisha uzi katikati kama zamani. Nimeandika: WAYA YA MAMA SAIDA. NI YEYE ALIIFICHA. MIYE NILISEMA SIJUI.

Barua hii itakuwa chini yake.

Sala ya muchana imekwisha. Namusikia ku kivuko, anabishana na mwenye mutumbwi, anamuambia ashike vyombo vyake vizuri. Sauti ni yako kabisa. Miguu yangu inataka kwenda kwa jirani, kama asubui ile. Nimevua viatu, nimevitupa mbali. Nitakaa hapa ku mukeka mpaka amalize kusoma.

Mungu akunyooshee mukono huko uliko, Mama Saida. Amefika ku lupango.

Miye mume wako,
Baba Saida