Bibi Huyu Amenifananisha

Placetas, Kuba, 3 Februari 1999

Mwanangu Maylín,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, ila vidole vinaniuma kwa kusokota sigara kutwa. Wewe je, kikohozi kimeisha? Jirani yetu Zoraida amehamia huko Miami, kwa binamu yake. Mtafute. Miaka ile ya njaa sufuria yake ndiyo iliyokuwa yetu, unajua mwenyewe.

Mama yako,
Eneida

Miami, 1 Machi 1999

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Ofisini wamenipa meza yangu mwenyewe. Zoraida sijamwona; mji ni mkubwa, na kazini natoka nimechoka. Mama mmoja anayekuja huko nimempa sabuni na dawa yako ya presha.

Mwanao,
Maylín

Placetas, 30 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, Mungu akuzidishie. Zoraida naye ameniandikia. Anahudumia mezani kwenye mkahawa wa Wakuba wenzetu, Mtaa wa Nane. Anasema alikuona mwezi wa pili ukila chakula cha mchana na wenzako, umependeza, umenona kidogo. Eti wateja walikuwa wengi, hakuwahi kukusalimu.

Zoraida ninayemjua mimi angeacha mkahawa mzima na njaa yao akukimbilie. Nawe umeniandikia hujamwona. Kulitokea nini, Maylín? Mimi ndiye niliyekuzaa. Niambie.

Mama yako,
Eneida

Miami, 31 Mei 1999

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili.

Siku ile Bi Hortensia, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa anasherehekea kuzaliwa kwake. Yeye na wenzangu wamekulia hapa, na sisi tuliokuja juzi wanatucheka. Nilishawaambia kwetu ni Havana na mama yangu ni daktari wa meno. Nisamehe.

Zilikuja nyama za kuchambuka, wali wa maharage meusi, ndizi mbivu za kukaanga. Sijainua uma, nikasikia: "Mungu wangu! Mayi! Mayi wa Eneida wa kiwanda cha sigara! Njoo nikubusu, we mtoto, mbona umenona hivi?"

Zoraida alisimama na aproni yake yenye madoa ya mchuzi, mikono ameitandaza. Mkahawa wote ukageuka. Bi Hortensia akaniuliza, "Unamjua?"

Nikasema, "Hapana. Bibi huyu amenifananisha."

Mikono ile ilishuka polepole. Akamwambia Bi Hortensia, "Niwieni radhi, mama. Macho ya uzee. Niwaongeze mkate?" Akauleta. Nami nikaula, mama, nikamaliza na sahani, wasije wakashuku.

Barua yako ilipofika nilirudi pale saa saba mchana, watu wamejaa. Lissette wa ofisini alikuwa dirishani anakunywa kahawa. Nikasema kwa sauti, "Bi Zoraida, mimi ni Maylín, mtoto wa Eneida msokota sigara, wa Placetas." Lissette alisikia, kufika jioni ofisi nzima ilijua.

Zoraida akafuta meza. "Kaa, bibi," akaniambia kama mteja yeyote. "Utakula nini?"

Nilimwomba radhi huku nalia. "Nilikusamehe kabla hujatoka mlangoni," akasema. "Na usililie wali wangu, una chumvi ya kutosha." Nikacheka, nikadhani yamekwisha. Nikamwomba aniite Mayi kama zamani.

Akatikisa kichwa. "Hilo ulimi unakataa. Niliita siku ile, nikajibiwa."

Sasa naenda kila Jumamosi. Ndizi ananijazia kuliko wateja wote. Juzi mvua ilinyesha, akanisindikiza hadi kituoni kwa mwavuli wake, bega lake moja likilowa kwa ajili yangu. Basi lilipofika akanifunga kifungo cha koti, kama mtoto.

"Ufike salama, bibi," akaniambia.

Mwanao,
Maylín