Miwa Niliyokula Njiani

Mjukuu wangu Zawadi, huku Kasongo tuko salama; bibi yako amerudi shambani.

Unauliza kwa nini bakteria atumie nguvu kupata sukari. Ikiwa kidogo nje na nyingi ndani, haipiti yenyewe kwenye utando wake, ngozi nyembamba inayomzunguka, lazima aivute.

Ujanani nilisukuma baiskeli yenye miwa kutoka Wamaza, ya arusi ya dada yangu. Kila mlima nilitafuna muwa mmoja ili nipate nguvu. Nilipofika na michache, wakwe wakacheka: "Shemeji, miwa iko wapi? Baiskeli ndiyo iliyoila?" Dada akainamisha kichwa. Niliona aibu mno.

Shangazi akawajibu: "Asingekula, hata hii isingefika."

Alisema kweli. Bakteria naye huchoma sukari kidogo ili aingize nyingi. Lakini sikuthubutu kumtazama dada mpaka wakwe walipomchukua kwenda kwao.

Babu yako